Mcheza Ugenini: Kuvumilia na Kunyamaza katika Ziara ya India nchini Australia

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Maana ya methali hii haimpigi chenga yeyote aliyelelewa katika utamaduni wa Waswahili. Anayecheza ngoma katika uwanja wa kwao huwa na watu wa kumshangilia, wa kumtuza, na hata wa kumsitiri pindi anapokosea hatua. Hata hivyo, methali hiyo ina upande wa pili ambao aghalabu hautamkwi. Je, anayecheza ugenini hutunzwa na nani? Na anapokosewa adabu na wenyeji, afuate ile methali nyingine isemayo kuwa mvumilivu hula mbivu, anyamaze akingoja tunda liive? Maswali haya yanaweza kujadiliwa kwa mifano tele ya riwaya na tamthilia. Yanaweza pia kujadiliwa kwa mfano wa mchezo, na hasa mchezo wa kriketi, ambao timu zake hufunga safari za miezi kwenda kucheza katika nchi za watu.

Mfano wenyewe ni ziara ya timu ya taifa ya India nchini Australia, iliyoanza mwezi wa Novemba mwaka 2020 na kukamilika tarehe 19 Januari 2021. Ilikuwa ziara ya wakati mgumu. Ugonjwa wa Korona ulikuwa umeifunga dunia, na wachezaji walipowasili Sydney walitengwa kwa siku 14, wakiruhusiwa kufanya mazoezi pekee. Hata baada ya hapo, maisha yao yalikuwa ya hoteli na uwanja, uwanja na hoteli.

Ifahamike kwamba kriketi ya kimataifa ina sura tatu, na ziara hii ilizijumuisha zote. Ya kwanza ni mechi ya ova 20, ambapo kila timu hurushiwa ova 20, na kila ova ni mipira 6 halali. Mechi hiyo humalizika kwa muda wa takriban saa 3. Ya pili ni mechi ya siku moja, yenye ova 50 kwa kila timu. Ya tatu ni mechi ya siku 5, iitwayo Testi, ambapo kila timu hupata awamu mbili za kupiga, na ukomo mkubwa ni siku zenyewe. Siku 5 zinaweza kupita na mshindi asipatikane. Kwa msomaji wa fasihi, tofauti ya sura hizi ni kama ile iliyopo baina ya shairi la beti chache na utenzi wa mamia ya beti. Lile la kwanza hudai wepesi wa ubunifu. Huu wa pili hudai pumzi.

Mkenya anayeufahamu mchezo huu aliuzoea zaidi kwa sura zake fupi. Timu ya Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 chini ya nahodha Steve Tikolo, ikashindwa na India hiyo hiyo kwa mikimbio 91 mjini Durban, mechi ilikuwa ya siku moja. Kenya haikuwahi kupewa hadhi ya kucheza Testi, na mwaka 2014 ilipoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Yamkini ndiyo sababu wengi humu nchini hushangaa kusikia kwamba watu wazima wanaweza kucheza kwa siku 5, wakaenda sare, na bado mashabiki wakarudi nyumbani wameridhika. Ajabu hiyo ndiyo kiini cha mjadala huu.

Ziara ilianza kwa sura fupi. Tarehe 27 Novemba 2020, mjini Sydney, Australia ilipata mikimbio 374 na kuishinda India kwa mikimbio 66. Siku mbili baadaye, katika uwanja ule ule, wenyeji wakapata 389 na kushinda tena, safari hii kwa mikimbio 51. India ilijinusuru katika mechi ya tatu mjini Canberra kwa ushindi wa mikimbio 13, lakini msururu wa mechi za siku moja ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na wenyeji kwa 2-1. Katika mechi za ova 20, mambo yaligeuka: India ikashinda mbili za kwanza na kupoteza ya tatu, hivyo nayo ikapata 2-1. Kufikia tarehe 8 Desemba, wageni na wenyeji walikuwa wametoshana nguvu.

Katika siku hizo za mwanzo alijitokeza mtu mmoja ambaye jina lake halikuwa vinywani mwa wengi. T. Natarajan, mzaliwa wa kijiji kilicho karibu na mji wa Salem katika jimbo la Tamil Nadu, alikuwa amechukuliwa safarini ili kuwarushia wenzake mipira wakati wa mazoezi. Kazi ya mtu wa aina hii ni kama ya mpishi wa harusi: huchoka kuliko wote, na hayumo kwenye picha. Lakini wenzake waliumia mmoja baada ya mwingine. Akaitwa kucheza mechi ya tatu ya siku moja mjini Canberra, akaitwa katika mechi za ova 20, na mnamo Januari akaitwa kucheza Testi. Akawa Mhindi wa kwanza kuanza kuichezea nchi yake katika sura zote tatu ndani ya ziara moja.

Testi ya kwanza ilianza mjini Adelaide tarehe 17 Desemba, na hapo ndipo mgeni alipovuliwa nguo hadharani. India ilianza vyema. Ilipata mikimbio 244, ikawazuia wenyeji wasivuke 191, na hivyo ikawa mbele kwa 53. Asubuhi ya siku ya tatu, Josh Hazlewood na Pat Cummins waliishika mipira, na wapigaji wa India wakaanguka kama majani makavu. Awamu nzima ilikwisha kwa mikimbio 36, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya Testi za India. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyefikisha mikimbio 10. Mohammed Shami, mrushaji tegemeo, alipigwa na mpira, mkono ukavunjika. Nahodha Virat Kohli akarejea nyumbani, kama ilivyokuwa imepangwa tangu awali, ili awe karibu na mkewe aliyekuwa akitarajia kujifungua. Wachambuzi kadhaa walitabiri kwamba India ingepoteza mechi zote nne. Kwa kuzingatia yaliyotokea Adelaide, hawawezi kulaumiwa.

Kabla ya kuendelea na safari hadi Melbourne, yafaa asimuliwe mtu mwingine. Mohammed Siraj, mrushaji kutoka Hyderabad, alifiwa na babake tarehe 20 Novemba 2020, siku chache tu baada ya timu kuwasili Australia. Marehemu alikuwa dereva wa tuktuk, na kwa mapato hayo ya barabarani alimlea kijana wake hadi akawa mchezaji wa taifa. Wasimamizi wa kriketi ya India walimpa Siraj ruhusa ya kurudi nyumbani. Kutokana na masharti ya karantini, kurudi kungekuwa na maana ya kuikosa ziara. Akachagua kubaki, akieleza kwamba ndoto ya babake ilikuwa kumwona akiichezea nchi.

Uamuzi huo umesifiwa sana, na sifa hizo zahitaji kutazamwa kwa makini. Ni rahisi kumgeuza mfiwa kuwa shujaa wa hekaya, mtu asiyelia, jabali lisilotikiswa na wimbi. Siraj hakuwa hivyo. Tarehe 7 Januari 2021, wimbo wa taifa ulipopigwa mjini Sydney, kamera zilimwonyesha akifuta machozi mbele ya ulimwengu. Uvumilivu wake haukuwa wa kutohisi. Alihisi, akalia, kisha akachukua mpira. Na deni la msiba lilibaki palepale: aliporejea Hyderabad tarehe 21 Januari, alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi kaburini kwa babake.

Siraj alicheza Testi yake ya kwanza mjini Melbourne kuanzia tarehe 26 Desemba, akapata wiketi 5 katika mechi hiyo. Ajinkya Rahane, aliyekaimu unahodha, alipiga mikimbio 112 kwa utulivu wa mtu asiyekumbuka kwamba wiki moja kabla timu yake ilikwisha kwa 36. India ikashinda kwa wiketi 8. Rahane akatunukiwa nishani iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, yenye jina la Johnny Mullagh. Jina hilo lina uzito wake. Mullagh alikuwa mwenyeji wa asili wa Australia, na alikuwa nyota wa timu ya wenyeji wa asili iliyozuru Uingereza mwaka 1868, ziara ya kwanza ya timu ya kriketi kutoka Australia kwenda ng'ambo. Kwa hivyo, mcheza ugenini wa kwanza wa Australia alikuwa mtu mweusi, aliyekuwa kama mgeni hata katika ardhi ya mababu zake. Nishani ya mtu huyo ikavishwa shingoni mwa nahodha wa wageni, na haikupita hata wiki mbili kabla ya wageni hao kutukanwa.

Testi ya tatu ilikuwa mjini Sydney. Jioni ya siku ya tatu, tarehe 9 Januari, timu ya India iliwasilisha malalamiko rasmi kwamba baadhi ya watazamaji walikuwa wamewatukana Siraj na Jasprit Bumrah kwa misingi ya rangi na asili yao. Siku iliyofuata, Siraj akiwa amesimama karibu na mpaka wa uwanja, maneno yakarushwa tena kutoka jukwaani. Aliacha nafasi yake, akawaendea nahodha na waamuzi, akaeleza. Mchezo ukasimamishwa kwa dakika kadhaa, polisi wakaingia jukwaani, watazamaji sita wakaondolewa. Kwa mujibu wa maelezo ya Siraj mwenyewe baadaye, waamuzi waliwaambia kwamba wangeweza kutoka uwanjani wakitaka. Rahane akajibu kwamba wao hawakuwa wamekosa lolote, na kwamba wangecheza.

Chama cha kriketi cha Australia kiliomba radhi, na uchunguzi wake ukathibitisha kwamba wachezaji walitukanwa kweli kwa misingi ya rangi. Uchunguzi huo ulieleza vilevile kwamba wale sita walioondolewa hawakuwa ndio waliotamka maneno hayo. Yaani tusi lilithibitishwa, waliolitamka hawakutambuliwa. Mkosaji alijificha katika umati, mahali ambapo mcheza kwao hujificha kila mara.

Hapa ndipo methali ya mvumilivu inapopaswa kuulizwa maswali. Katika jamii nyingi, methali hiyo hutamkwa na mwenye nguvu akimwambia mnyonge. Mfanyakazi asiyelipwa huambiwa avumilie; mke anayepigwa huambiwa avumilie; mgeni anayetukanwa huambiwa avumilie maana yuko kwa watu. Katika matumizi hayo, kuvumilia na kunyamaza hufanywa kuwa neno moja. Siraj aliyatenganisha. Mtu aliyekuwa amevumilia msiba wa baba akiwa mbali na nyumbani hangeweza kushutumiwa kwa kukosa subira. Hata hivyo, tusi hakulivumilia. Alilisema.

Kesho yake, tarehe 11 Januari, wenzake wakaonyesha maana ya kuvumilia. India ilihitaji mikimbio 407 ili ishinde, idadi ambayo ni nadra kufikiwa katika awamu ya mwisho, au isalimike kwa kupiga siku nzima bila kumalizwa. Rahane alitoka asubuhi na mapema. Rishabh Pant, aliyekuwa ameumia kiwiko, akapiga 97 kwa ujasiri uliowatia wenyeji hofu, na Cheteshwar Pujara akapiga 77. Wawili hao walipotoka, walibaki Hanuma Vihari na Ravichandran Ashwin. Vihari alichanika msuli wa paja, hata kukimbia ikawa taabu. Ashwin alikuwa na maumivu makali ya mgongo. Ravindra Jadeja, ambaye kidole gumba chake kilikuwa kimevunjika, alikaa akingoja zamu, tayari kuingia na mkono wake huo.

Vihari na Ashwin walikaa uwanjani kwa zaidi ya ova 40. Vihari alipata mikimbio 23 kwa mipira 161. Ashwin alipata 39 kwa mipira 128. Takwimu kama hizo katika mechi ya ova 20 zingekuwa kichekesho. Hapa zilikuwa ngao. Kila mpira uliozuiliwa ulipunguza muda wa wenyeji, na mmoja alipopigwa mwilini, mwenzake alimsogelea wakaongea maneno machache, kisha wakaendelea. Jua lilipoinama, India ilikuwa na mikimbio 334 kwa wiketi 5. Mechi ikaenda sare.

Tofauti ya siku hizo mbili yastahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa lugha. Mpira unaompiga mpigaji kifuani umo ndani ya sheria za mchezo, na anayepigwa ana gongo mkononi la kujibia. Maumivu yake yana lengo alilolichagua yeye na wenzake. Tusi halimo katika sheria yoyote, na anayetukanwa hakupewa gongo. Akinyamaza, haokoi mechi, hapunguzi muda, wala hailindi timu. Anayefaidi kimya hicho ni mtukanaji peke yake. Kiswahili kina utajiri wa maneno katika uwanja huu: subira, saburi, ustahimilivu, uvumilivu, stahamala. Katika maneno hayo yote, hakuna hata moja ambalo maana yake ya msingi ni kufunga kinywa. Kimya kimeongezwa na watumiaji.

Ziara ilihitimishwa Brisbane, katika uwanja wa Gabba, ambako Australia haikuwa imeshindwa katika Testi tangu mwaka 1988. India iliwasili huko ikichechemea. Shami, Umesh Yadav, Jadeja, Vihari, Ashwin na Bumrah wote hawakuweza kucheza. Warushaji watano walioteuliwa, yaani Siraj, Navdeep Saini, Shardul Thakur, Natarajan na Washington Sundar, walikuwa wamecheza jumla ya Testi 4 tu kabla ya siku hiyo. Warushaji wanne wakuu wa Australia walikuwa na zaidi ya wiketi 1,000 baina yao.

Wenyeji walipata mikimbio 369. India ilipofikia 186 ikiwa imepoteza wiketi 6, ilionekana mambo yamekwisha. Sundar na Thakur, walioteuliwa hasa kwa urushaji wao, wakaongeza mikimbio 123 pamoja. Katika awamu ya pili Siraj akapata wiketi 5 kwa mikimbio 73. India ikahitaji 328 ili ishinde. Shubman Gill, kijana wa miaka 21, alipiga 91. Pujara alikabili mipira 211, ikampiga mara kwa mara kwenye mbavu, kidoleni na kwenye helmeti, akapata 56. Huku Pujara akiwachosha wenyeji, Pant akamalizia kazi kwa 89 bila kutolewa, na zikiwa zimesalia ova 3 tu, mpira wake wa mwisho ukavuka mpaka. India ikashinda kwa wiketi 3, na msururu wa Testi kwa 2-1. Iliwatumia wachezaji 20 katika mechi 4.

Si haki kudai kwamba ushindi huo ulikuwa malipo ya maadili mema. Michezo haina hakimu wa aina hiyo. Lau Sydney wangemalizwa katika saa ya mwisho, malalamiko ya Siraj yangekuwa ya haki vilevile, na subira ya Vihari isingepungua hadhi. Wala methali ya kale haikubatilishwa. India ilipozuru tena Australia mwaka 2024 hadi 2025, wenyeji walishinda Testi kwa 3-1, na Ashwin akatangaza kustaafu papo hapo Brisbane. Mcheza kwao bado hutunzwa.

Lililothibitishwa na ziara hii ni dogo zaidi na la kudumu zaidi. Anayecheza ugenini hutunzwa kwanza na wale alioandamana nao: mwenzake anayemsogelea baada ya pigo, nahodha anayemwamini anaposema kuwa ametukanwa, mtu wa mazoezi anayevaa jezi pengo linapotokea. Akiwa na watu hao, anaweza kustahimili mengi yanayostahili kustahimiliwa, na yasiyostahili akayasema kwa sauti, kisha akarudi katika nafasi yake uwanjani na kuomba mpira.